Pishi Iliyopinduliwa na Wapokezi Wake

Jirani zangu hapa Mtopanga, Mombasa, wanaamini kwamba nilikuwa hakimu. Kosa ni langu. Nilipohamia mtaa huu mwenye nyumba aliniuliza nafanya kazi gani, nami, kwa kupenda ufupi, nikamjibu kwamba kazi yangu ni kuhukumu vitabu. Nusu ya jibu ikapotea njiani. Haukupita muda mrefu Mzee Katana, muuza makuti, akaja kubisha hodi kwa adabu kubwa. Akaketi, akauliza hali ya watoto, hali ya mgongo wangu na hali ya mvua, kisha akaniomba niseme neno moja tu kule mahakamani Shanzu kwa ajili ya mpwawe, aliyekamatwa na mbuzi asiye wake. Nikamweleza kwamba washtakiwa wangu wote ni vitabu vya historia ya Wagiriki wa kale, na kwamba waliodhulumiwa na vitabu hivyo wamekufa zamani mno, hata hawawezi kuja kutoa ushahidi. Alinitazama kwa huruma.

"Sasa Mwalimu," akasema, "kama walalamishi hawapo, kesi si ingefutwa?"

Sijapata kulijibu swali lile vizuri, ijapokuwa nimekuwa na muda wa kutosha wa kulifikiria. Ninyi vijana mlioniuliza kazi ya mtathmini ilivyokuwa, mlio vyuoni na mnaotarajia kula kwa kusoma, nitawaeleza jinsi wazee waelezavyo, yaani bila mpango. Kazi ilikuwa hii: mwanachuoni fulani, mara nyingi wa Ulaya au Marekani, na siku hizi, alhamdulillahi, hata wa hapa kwetu, huandika historia mpya ya Wagiriki wa kale. Kabla maktaba haijainunua, au mchapishaji hajaichapisha, au chuo hakijawalazimisha ninyi kuisoma, mtu mmoja huombwa aisome yote na aseme kama yaliyomo yana mashiko. Jina lake halitajwi. Ripoti yake huwa ya siri. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilizaliwa Changamwe, katika nyumba za wafanyakazi wa bandari. Baba alikuwa ametoka Kaloleni kuja kubeba magunia, na mapadri wa shule yangu waliona kwamba mtoto wa Kigiriama akumbukaye kila asomalo lazima awe ameitwa na Mungu. Wakanifundisha Kilatini, kisha Kigiriki, wakitumaini kupata padri. Walipata mtu wa kuwasahihishia tafsiri zao. Baada ya hapo wakakubali, kwa haraka iliyonishangaza, kwamba huenda wito wangu ulikuwa mahali pengine.

Lakini aliyenifundisha kuhukumu hakuwa padri. Alikuwa Maalim Shee, mtu wa Kisauni, wa ukoo wa zamani wa Mvita, mkuu wa idara nilikoajiriwa nikiwa kijana. Kabla hajaenda ng'ambo kusomea historia ya Wagiriki alikuwa amesomeshwa na babake, juu ya mkeka, elimu ya hadithi za Mtume: si hadithi zenyewe tu, bali na wapokezi wake. Nani alisikia kwa nani, walikutana wapi, fulani alikuwa na kumbukumbu imara au alianza kusahau uzeeni. Mlolongo huo wa wapokezi huitwa isnadi, na habari isiyo na isnadi, alisema Maalim, ni upepo uliovaa viatu: wausikia ukitembea, lakini hakuna mtu. Aliporudi na shahada yake ya Wagiriki hakuona sababu ya kubadili zana. Ungempelekea kitabu kipya, chenye jalada la kung'aa na sifa za maprofesa nyuma yake, naye angekifungua katikati, akaweka kidole juu ya sentensi moja, akauliza kwa upole, "Na huyu naye, amepokea kwa nani?"

Ripoti yangu ya kwanza niliiandika kwa hamasa ya mtu aliyepewa panga jipya. Kitabu kilikuwa cha historia ya miji ya Kigiriki, na mwandishi wake alikuwa mzembe wa herufi; alama za matamshi za Kigiriki zilikuwa zimemwagika ovyo kama mchele wa gunia lililotoboka. Nikaziorodhesha zote. Ripoti ikawa ndefu kuliko baadhi ya sura za kitabu chenyewe. Maalim Shee aliisoma yote, akavua miwani.

"Ndoo, keti," akaniambia kwa Kimvita, akinivutia kiti. "Umehesabu kunguni wote, mashallah. Hukuona kuwa kitanda hakina miguu?"

Nilirudi kwenye kitabu na kweli hakikuwa na miguu. Mwandishi alikuwa amejenga sura tatu juu ya mji ambao hatuna maandishi yake hata mstari mmoja, na mahali pa ushahidi palikuwa na neno moja tu, "bila shaka". Hilo lichukueni kama zawadi yangu ya kwanza kwenu: katika historia za kitaalamu, "bila shaka" huandikwa mahali penye shaka. Hakuna mtu anayeandika kwamba bila shaka jua lilichomoza. Mkikutana na neno hilo, wekeni kidole. Mkikutana nalo mara mbili katika ukurasa mmoja, wekeni kitabu chini mkanywe chai.

Zawadi ya pili: anzeni na tanbihi, yale maandishi madogo chini ya ukurasa. Matini yenyewe ni sebule, imefagiwa kwa ajili ya mgeni. Tanbihi ni jikoni. Nimewahi kuingia sebule zenye mazulia ya fahari nikakuta jikoni hakuna hata moto. Na tatu, muulizeni kila mwanahistoria Wagiriki wake wanafanana na nani. Wagiriki hawa ni watu wenye subira ya ajabu. Wamelala makaburini wakivishwa kanzu ya kila zama. Nilianza kazi nikisoma vitabu vya wazee waliokulia chini ya dola kubwa, na Wagiriki wao walikuwa maafisa wa utawala, wanaochelewa kukasirika na wanaovaa vizuri. Baadaye wakaja waandishi wa zama za biashara. Wagiriki wakawa wafanyabiashara. Wa siku hizi wanatuambia kwamba Wagiriki walikuwa mitandao. Nangojea kwa hamu kuona watakuwa nini mkishakuwa ninyi ndio mnaoandika.

Tena kumbukeni kwamba tunachokijua juu ya Sparta, kwa sehemu kubwa, tumekipata kwa watu wasiokuwa wa Sparta. Hili nilikuwa nikilieleza darasani kwa mfano. Chukulieni kwamba miaka elfu mbili kutoka sasa hakuna andiko lolote la mtu wa Likoni lililosalia, ila habari zilizoandikwa na watu wa kisiwani waliovuka kwa feri kwenda harusini, wakala, wakalalamikia joto, wakarudi. Wanavyuoni watafanya kongamano juu ya utamaduni wa Likoni. Watathibitisha kwamba watu wa Likoni walikuwa wakila pilau kila siku, na kwamba walikuwa wakingoja feri kama ibada. Wanafunzi wangu wa Likoni walicheka sana. Wa kisiwani walicheka kwa kuchelewa kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Nilikuwa nimeshastaafu, ingawa mwili ndio uliokuwa umepata habari hiyo, si akili. Bi Zainabu, mhariri wa shirika dogo la uchapishaji, mama mchangamfu asiyepokea neno "sina nafasi", aliniletea mswada. Ulikuwa historia ya Wagiriki wa kale kwa Kiswahili, iliyoandikwa hapa hapa, kwa ajili ya wanafunzi wetu. Mwandishi ni Daktari Mwanamisi, binti wa mtaa wa Shika Adabu, kule Likoni, aliyekuwa akifundisha chuoni kwa mkataba wa muda. Bi Zainabu hakunificha umuhimu wake. Mkataba wa Mwanamisi ulikuwa ukielekea kwisha. Kamati ya chuo ingemthibitisha kazini endapo kitabu kingekubaliwa kuchapishwa, na kama isingemthibitisha, ndio mwisho. Mamake alikuwa amemsomesha kwa kuuza viazi karai kando ya barabara, na alikuwa ameiepua karai ile mwaka uleule bintiye alipopata kazi. Hayo yote Bi Zainabu aliniambia mlangoni, kisha akanikumbusha kwamba tathmini ni ya siri na haipaswi kuathiriwa na lolote.

Nilianza na tanbihi, kama kawaida yangu, nikakuta jikoni mna moto. Binti alikuwa amesoma. Pale asipojua aliandika "hatujui", neno ambalo wenzake wa ng'ambo hulitumia kwa nadra kama mtu anayetoa jino. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Wagiriki wake hawakuwa maafisa wala mitandao, walikuwa watu wa pwani wenye ndimi kali na mashamba madogo. Nilikuwa nikielekea kuandika ripoti fupi ya sifa tupu, jambo ambalo lingeniletea fedheha mbele ya historia yangu mwenyewe, hadi nilipofika kwenye sura ya masoko.

Sura ile ilifunguka kwa kisa. Katika mji mmoja wa Kigiriki, alieleza, mfanyabiashara aliyewapunja watu nafaka alikalishwa sokoni mchana kutwa juu ya pishi yake mwenyewe ya kupimia, iliyopinduliwa, watu wakipita na kumcheka. Aliandika jua lilivyomchoma. Aliandika inzi. Kilikuwa kisa kizuri mno, nami nilikuwa nimekisoma katika vitabu vingi hata nikakizoea kama picha ya ukutani. Lakini kwa kuwa kilikuwa katika Kiswahili, na kwa kuwa pishi naijua, nilikitazama upya; na sauti ya Kisauni ikaniuliza, amepokea kwa nani?

Tanbihi yake ilitaja andiko la kale, kitabu na mlango. Nikalifungua andiko lile mahali palipotajwa. Palizungumzia ufugaji wa nyuki. Nikasoma mlango uliotangulia na uliofuata, kwa Kigiriki, taratibu. Nyuki waliongezeka, pishi haikutokea.

Zamani safari kama hiyo ilikuwa ya miezi: unaandika barua kwa maktaba za mbali, unangoja kifurushi, kifurushi kinafika na kitabu kisicho chenyewe. Siku hizi mna kompyuta, mnatafuta neno katika vitabu elfu kabla chai haijapoa, na hilo ni jema sana. Mna pia mashine za kuulizwa maswali, nazo hujibu papo hapo bila kukohoa. Maalim Shee alikuwa akikohoa kabla ya kujibu. Ukubwa wa kikohozi ulikuonyesha ukubwa wa shaka, na kwa hiyo kikohozi kilikuwa sehemu ya jibu. Mimi niliifuata pishi kwa njia zote mbili, ya zamani na ya sasa, nikapanda mlolongo mpokezi kwa mpokezi.

Mwanamisi alikuwa amekitoa kisa kwenye kitabu cha Profesa mmoja wa hapa nchini, ambaye nitamwita Mwenyekiti, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kumthibitisha kazini. Sikupanga mimi iwe hivyo. Katika kitabu cha Mwenyekiti kiliandikwa, "inajulikana kwamba" mpunjaji alikalishwa juu ya pishi. Yeye alikuwa amekipokea kwa profesa mashuhuri wa ng'ambo, mwenye majuzuu mazito ambayo maktaba hununua bila kusoma; huyo aliandika, "yaelekea". Wa ng'ambo alikuwa amepokea kwa mtu wa kizazi kabla yake, aliyeandika, "yamkini". Naye huyo wa yamkini alikuwa amepokea kwa mzee wa kwanza kabisa, mtu mwaminifu, ambaye alikuwa ameandika hivi tu: kwamba si vigumu kuwaza mpunjaji akikalishwa juu ya pishi yake. Alikuwa akiwaza. Alisema wazi kwamba anawaza. Kisha, katika ukurasa uleule, kwa jambo jingine kabisa, aliweka tanbihi ya nyuki. Nayo ikashikwa na kisa njiani kama upupu unavyoshika nguo, ikasafiri nacho hadi Shika Adabu.

Hili, wanangu, ni kosa ambalo wasio wasomi hawawezi kulifanya. Habari za sokoni hupungua nguvu kadiri zinavyopita midomoni. Mwanzo ameua simba, mwisho amemwona paka. Kwetu sisi huongezeka. Kila mpokezi alikuwa mwangalifu, kila mmoja alimtaja aliyemtangulia kwa heshima, na kila mmoja aliondoa chembe moja ya shaka, kwa sababu ya kumwamini mwenzake. Kutoka kuwaza tukafika yamkini, kutoka yamkini yaelekea, kutoka yaelekea inajulikana. Mwanamisi hakuwa na neno lililobaki la kuondoa, kwa hiyo aliongeza inzi. Inzi, nilidhani, walikuwa wa kwake.

Niliandika ripoti: kitabu kichapishwe, ni bora kuliko vingi nilivyopelekewa kutoka mbali, kisa cha pishi hakina asili, kiondolewe au kielezwe. Bi Zainabu aliipeleka, bila jina.

Wiki ile ile Mwanamisi alibisha hodi kwangu. Alikuwa amevuka feri, akapita kisiwa kizima na daraja, hadi Mtopanga, akiwa amebeba mahamri yaliyofungwa kwa leso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nani amekwambia ni mimi?"

"Hakuna. Lakini pwani hii yote hakuna mtu mwingine anayesifu, akaweka nukta-mkato, halafu akachinja."

Hapo nikaona kwamba anasoma vizuri kuliko nilivyodhani. Nikamweleza safari ya pishi, hatua kwa hatua, naye alifuata akitikisa kichwa. Nilipofika kwenye nyuki alifunika uso kwa mtandio, na sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa akifanya yote mawili. Kisha akanieleza upande wake. Kisa kile kilikuwa kipenzi cha Mwenyekiti. Kila mwaka alifungua mihadhara yake nacho. Alikuwa akikichukua kikapu cha takataka, akakipindua, akakikalia mbele ya wanafunzi, mtu mzima mwenye tai, akipunga inzi wasioonekana. Ndiyo asili ya inzi wale. Kumwondolea pishi yake mwaka huu, mbele ya kamati yake, ni sawa na kumtoa kwenye kikapu akiwa amekaa.

"Nikikiacha kisa?" akaniuliza.

"Kitakuwa uongo wenye tanbihi."

"Na nikikitoa?"

"Utabaki na ukweli."

"Ukweli usio na mshahara," akasema. "Mwalimu, usinione sina adabu. Wewe una pensheni."

Nilimmiminia chai, tukala mahamri yake, na kwa muda tukazungumza juu ya bei ya mafuta ya kupikia, kwa sababu mamake alikuwa ameanza kuiulizia. Ndipo nikakumbuka adabu ya Maalim Shee. Wataalamu wa isnadi, aliniambia siku moja, hawapendi kumwita mpokezi mwongo wakiwa na njia nyingine. Husema kwamba katika habari hii kuna udhaifu, hutaja unaanzia kwa nani, wakanyamaza. Nikamshauri Mwanamisi aondoe kisa kwenye matini, lakini aweke tanbihi. Ndani yake awapange wapokezi wote kwa zamu, kila mmoja na neno lake, bila kulaumu, bila kejeli, na mwisho aandike tu kwamba asili haikupatikana. Msomaji mwenye macho ataona. Asiye na macho hatakasirika.

Alifikiri, kisha akaomba niondoe neno moja kwenye ushauri wangu.

"Lipi?"

"'Kwa zamu.' Wote kwa zamu, Mwenyekiti akiwa wa nne, naye asipate hata kivuli cha kujificha?"

"Ungependa umweke wapi?"

Akakunja leso yake mara mbili. "Wa nne," akasema. "Ndipo alipo."

Tanbihi ile ilitoka ndefu kuliko zote katika kitabu. Kamati ilikaa katika hoteli moja Shanzu, kwa maana kamati zetu hufikiri vizuri zaidi karibu na meza ya vyakula. Mimi sikuwapo; nasimulia alivyonisimulia Mwanamisi mwenyewe. Maswali mengi yalikuwa ya upole, kwa sababu wengi wa wajumbe hawakuwa wamefika mbali katika mswada. Mwenyekiti alikuwa amefika. Ni mtu wa bara, aliyekuja pwani akiwa kijana na kukataa kuondoka, mkali lakini si mbaya. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyepotelewa na mzigo feri, pishi iko wapi.

"Iko chini ya ukurasa, Profesa," Mwanamisi alijibu.

Akavaa miwani, akasoma. Alisoma polepole, na kidole chake kikawa kinashuka ngazi: kuwaza, yamkini, yaelekea. Kikasimama.

"Huyu wa nne ni mimi?"

"Ni wewe, Profesa."

"Nilisema 'inajulikana'?"

"Ndiyo, Profesa. Ukurasa nimeutaja."

Mwenyekiti akavua miwani. Kisha akafunga mswada. "Wazee," akawaambia wajumbe, "chakula inapoa." Wakaenda kula.

Uamuzi ulikuja kwa maandishi. Kitabu kilipokelewa vizuri. Mkataba wa Mwanamisi ukaongezwa mwaka mmoja tu. Uthibitisho ukaahirishwa, kwa sababu, kamati ilisema, mtahiniwa bado hajatambulika kimataifa. Nilimwuliza kama anajuta. Akasema anajuta juu ya inzi. Walikuwa inzi wazuri. Mamake akanunua karai mpya, akasema ni kwa ajili ya wageni.

Kitabu kilichapishwa, wanafunzi wakakisoma kwa kiasi wanafunzi wasomavyo. Mwaka ulikuwa ukiyoyoma. Ndipo ikaja kutoka ng'ambo historia mpya ya Wagiriki, kubwa, ya kitaalamu, yenye jalada la buluu na sifa nyuma yake. Ilikuwa na kisa cha pishi, bila shaka. Hapa nalitumia neno hilo kihalali. Na chini ya ukurasa mwandishi, mtu mashuhuri asiyejua Kiswahili, aliandika kwamba juu ya jambo hili linalojulikana sana, maelezo kamili kuliko yote yanapatikana katika kitabu cha Daktari Mwanamisi, wa Mombasa. Yaonekana mtu fulani alimwonyesha ile tanbihi. Aliona ni ndefu. Aliona imewataja wapokezi wote. Akahitimisha kwamba mwanamke aliyekusanya mashahidi wengi kiasi hicho lazima awe anaiunga mkono kesi.

Chuo kikapata habari kabla ya sisi wote. Jina la chuo lilikuwa limetajwa katika kitabu cha ng'ambo. Kamati ikakutana kwa dharura, safari hii bila hata kula, ikaamua kwamba Daktari Mwanamisi ametambulika kimataifa, na kwamba athibitishwe mara moja.

Alikuja kwangu na barua ya ajira ndani ya bahasha, haijatiwa saini. Tukala mahamri aliyoyaleta, kisha akaiweka mezani, akaniambia amenijia kwa swali moja. Je, amwandikie yule mwandishi wa ng'ambo kumjulisha kosa lake kabla ya kutia saini, au baada?

Vijana, nimehukumu vitabu maisha yangu yote. Nimeangusha majuzuu ambayo uzito wake ungezamisha mtumbwi. Nami nawaambieni kwamba mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka kusema "baada". Nilimfikiria mamake mbele ya ile karai ya wageni. Nilifikiria kwamba yule wa ng'ambo amekosea bila msaada wa mtu, na kwamba wiki moja zaidi haitawadhuru Wagiriki, ambao wamengoja muda mrefu.

"Usijitaabishe, Mwalimu, nilitaka tu kujua ungesema nini," akasema kabla sijapata sauti. "Nimemwandikia jana. Na nakala nimempelekea Mwenyekiti."

"Nakala ya nini? Ya kosa lote?"

"Lote. Kwamba ananitaja kwa jambo nililolikana, na kwamba kutambulika kwangu ni kwa makosa."

"Na Mwenyekiti akasemaje?"

Akanionyesha simu yake. Ujumbe wa Mwenyekiti ulikuwa mfupi, na nimeukariri, kwa sababu katika kazi hii mtu hukutana na maandishi machache yenye ukamilifu kiasi kile. Alikuwa ameandika: "Daktari, kamati ilitaka mtu anayetajwa. Umetajwa. Tanbihi yako niliisoma mwaka jana na kikapu nimekirudisha pembeni. Tia saini kabla wengine hawajaanza kusoma."

Akaniomba kalamu, akatia saini palepale, juu ya makombo.

Amethibitishwa, anafundisha hadi leo, na wengi wa wajumbe hawajaanza kusoma. Yule mwandishi wa ng'ambo alimjibu kwa heshima kubwa. Alishukuru, akaomba radhi, akaahidi kwamba pishi itaondolewa katika toleo la pili, ikiwa tu nakala za toleo la kwanza zitakwisha. Hadi sasa, mchapishaji wake anasema, zimejaa ghalani. Kwa hiyo ninyi mlioniomba hukumu yangu ya mwisho, hii hapa, na sijawahi kuitoa kabla: kitabu chenye jalada la buluu ni kibovu; kinunueni, na mkinunue upesi.